Fedha Ikigeuka, Nani Hubaki na Kitu?

Kuna neno tunalolisikia mara nyingi barazani, na hata mlangoni pa kanisa baada ya Misa: kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu wake, na tajiri ni tajiri kwa sababu ya bidii yake. Neno hilo lina ukweli, maana asiyelima havuni. Lakini ni ukweli nusu tu. Tukiyatazama mambo yaliyopita katika nchi zetu za Masisi na Walikale, twaona watu waliolima tangu alfajiri, wakaweka akiba yao kwa uangalifu, na siku moja wakaamka hawana kitu. Twaona na wengine ambao hawakulima hata tuta moja, na siku ile ile wakaamka matajiri. Ni jambo gani lililopita kati yao usiku ule? Hilo ndilo tunalotaka kulichungua, ili watoto wetu wasije wakaangukia shimo lile lile walimoanguka babu zao.

Bangili za msituni

Masisi ni nchi ya milima na malisho, ya ng'ombe, maharage na viazi. Walikale ni nchi ya msitu mkubwa, ya mihogo, ndizi na mawese. Watu wa juu na watu wa chini wamefanya biashara tangu zamani, kabla Mzungu hajafika. Katika karne ya 19 Watembo wa msituni walifuma bangili za nyuzi zilizoitwa butega. Wanawake walizivaa miguuni, tena bangili hizo zilikuwa fedha: kwazo mtu aliweza kununua chakula au mbuzi katika nchi za magharibi ya ziwa Kivu. Aliyejua kufuma, na aliyeishi karibu na nyuzi, alikuwa na mali.

Kisha wakaja Wabelgiji, na serikali yao ikadai kodi kwa faranga. Hakuna aliyeweza kulipa kodi kwa butega. Mtu aliyekuwa na bangili nyingi nyumbani hakuibiwa na mtu, wala hakuunguliwa na nyumba. Mali yake ilibaki pale pale ukutani, lakini haikununua tena kile alichotakiwa kutoa. Ili aipate faranga ilimlazimu kuuza mazao au kuuza nguvu za mikono yake kwa yule mwenye faranga. Tukumbuke jambo hili, maana limerudi mara nyingi kwa sura nyingine: fedha ni mapatano ya watu, na mwenye nguvu akiyavunja mapatano hayo, aliye mbali ndiye anayepata habari mwisho.

Ardhi na karatasi

Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Comité National du Kivu, ikaipa mamlaka juu ya eneo kubwa la ardhi, nayo ikawagawia walowezi. Katika milima ya Masisi yakafunguliwa mashamba makubwa ya kahawa, chai, pareto, na malisho ya ng'ombe. Tangu mwaka 1937 Wabelgiji wakaleta familia nyingi kutoka Rwanda ili zikae huko na kufanya kazi. Machifu na wazee wa nchi walizoea ardhi inayotolewa kwa neno la kinywa na kwa heshima. Sasa kulikuwa na aina mbili za kumiliki: ile ya neno, na ile ya karatasi. Katika ofisi neno halikuonekana.

Baada ya uhuru wengi walitumaini kwamba mambo yatanyoka. Ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyosema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu mashamba ya vijiji, yale wanayoyakalia watu kwa desturi, sheria iliahidi kwamba amri ya rais itakuja kueleza haki zao. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutolewa. Tarehe 30 Novemba mwaka ule ule Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa wazalendo. Lakini ni wazalendo gani? Si wale waliochuma kahawa. Ni wale waliokuwa na ndugu ofisini, waliojua kusoma barua ya Kifaransa, walioweza kusafiri mpaka Bukavu au Kinshasa kufuata muhuri.

Hivyo katika Masisi wakatokea wenye mamia ya hekta za malisho, na kando ya ukuta wa miti yao zikakaa familia zisizo na hata hekta moja. Baba wa familia akaomba kulima kipande ndani ya shamba kubwa, naye akalipa kwa siku za kazi au kwa sehemu ya mavuno. Hakuwa mvivu kuliko mwenye shamba. Tofauti yao ilikuwa karatasi moja, na safari moja ambayo mmoja aliweza kuifanya na mwingine hakuweza.

Noeli ya mwaka 1979

Mwezi wa Juni 1967 nchi yetu ilipata fedha mpya, zaire. Zaire 1 ilichukua mahali pa faranga 1,000, nayo ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Watu waliipenda, wakaiamini, wakaiweka. Katika vijiji hapakuwa na benki. Mwenye kuuza kahawa au ng'ombe alizifunga noti zake katika kitambaa, akazificha chini ya kitanda, ndani ya chungu, au juu ya dari penye moshi.

Bei ya shaba, ambayo ndiyo iliyoilisha hazina ya Serikali, ilianguka katika miaka ya 1974 na 1975. Serikali haikupunguza matumizi yake. Ikachapa noti zaidi. Noti zikiwa nyingi na vitu vikiwa vichache, bei hupanda, kama vile supu inavyopoteza ladha ikiongezwa maji. Basi siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 1979, ikatangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Noti hizo ndizo watu walizotumia kuwekea akiba. Mipaka ikafungwa, na watu wakapewa siku chache tu kuzipeleka benki na kubadilishiwa, tena kwa kiasi kilichowekwa.

Msomaji atafakari. Mtu wa Goma aliyelala karibu na benki aliamka mapema, akapanga mstari. Mwenye ndugu benki hakuhitaji hata kupanga mstari. Mtu wa Walikale aliyekuwa ndani ya msitu alihitaji siku kadhaa kuufikia mji, na habari yenyewe ilimfikia imechelewa. Noti mpya nazo hazikutosha. Wako waliozinunua noti za wanakijiji kwa bei ya kutupa, kwa kuwa walikuwa na njia ya kuzibadilisha. Hapo ndipo twaona wazi jambo tunalotaka kulisema: badiliko lile lile lililomfanya mmoja kuwa maskini ndilo lililomtajirisha mwingine. Mali haikupotea hewani. Ilihama, kutoka mkono wa aliye mbali kwenda mkono wa aliye karibu.

Waliobaki na akiba baada ya siku hizo hawakupumzika. Zaire iliendelea kushuka. Ikatolewa noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara wakaikataa, na mwanzoni mwa 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya fujo kubwa mjini Kinshasa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Fanya hesabu, ndugu msomaji: faranga 1 ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za aina ile iliyozaliwa mwaka 1967. Aliyeficha noti 1 ya zamani kwa ajili ya mjukuu wake, alimwachia karatasi ya kuwashia moto.

Ng'ombe nao si ngome

Wafugaji wa Masisi waliokuwa na hekima walisema: sisi hatuweki noti, twaweka ng'ombe. Nao walisema kweli kwa muda mrefu. Ng'ombe huzaa, hutoa maziwa, na hakuna tangazo la redio linaloweza kumfanya afe usiku mmoja. Zaire ilipoyeyuka, mwenye ng'ombe alikula.

Lakini tarehe 20 Machi 1993 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, vikapanda mpaka Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na wengi zaidi wakakimbia makwao. Katika miaka iliyofuata mifugo ya Masisi iliporwa na kuuzwa mbali. Kundi kubwa la ng'ombe laonekana toka mlima mwingine, halifichiki. Kile kilichokuwa ngome dhidi ya fedha mbaya, kilikuwa mwaliko kwa mwenye bunduki.

Tangu hapo familia nyingi za Kivu zimejifunza kufuga wanyama wadogo: kuku, sungura, na hasa simbilisi. Mgeni aweza kucheka akiwaona simbilisi wakikimbia chini ya meza jikoni. Mama wa nyumba hacheki. Huzaa upesi, hula majani, na siku ya kukimbia huwekwa kikapuni. Kwa simbilisi wachache hununua kuku, kwa kuku hununua mbuzi, na kwa mbuzi hulipa ada ya shule. Huyo mama hakusoma elimu ya uchumi, lakini historia ya nchi yake ameielewa.

Mwaka wa koltani

Mwaka 2000 jambo geni lilitokea. Katika Marekani, Ulaya na Asia viwanda vilitaka sana madini ya tantali, yatokayo katika koltani, kwa ajili ya simu za mkononi na mashine nyingine. Ratili moja ya tantali, iliyouzwa kwa dola 40 hivi mwanzoni mwa mwaka huo, ikapita dola 300 kabla mwaka haujaisha. Vilima vya Masisi vina koltani. Vijana wakaacha majembe, walimu wakaacha madarasa, na mashamba yakageuka mashimo. Chakula kikawa haba na bei yake ikapanda, maana walaji walikuwa wale wale lakini wakulima wamepungua.

Mwaka 2001 viwanda vilipunguza kununua, na bei ikaanguka upesi kama ilivyopanda. Mchimbaji hakujua kwa nini. Hakuna aliyemwambia kwamba bei ya mchanga wake huamuliwa na watu wasiojua kama Masisi iko duniani. Wanunuzi wakubwa, waliokuwa na habari, walikwisha kuuza. Wengi wa wachimbaji walikuwa na deni: mfanyabiashara alikuwa amewakopesha sepetu, unga na maharage kwa bei ya juu, kwa sharti kwamba watamwuzia yeye tu, kwa bei aitakayo yeye. Bei ya koltani ilishuka, lakini deni halikushuka. Aliyeuza mbuzi wake ili anunue sepetu alibaki na sepetu. Aliyegeuza faida yake ya miezi michache kuwa mabati, mbegu au ada ya mtoto, alibaki na kitu.

Walikale inayokula kwa ndege

Walikale ilipata zamu yake. Karibu na mwaka 2002 watu walianza kuchimba kasiteriti, jiwe litoalo bati, katika kilima cha Bisie. Kati ya 2003 na 2004 bei ya bati duniani iliongezeka karibu mara mbili, na maelfu ya watu wakaingia msituni. Wabebaji walichukua gunia la kilo 50 mgongoni, wakatembea msituni mpaka Njingala. Kutoka hapo mzigo ulifika Kilambo, mahali ambapo ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami, zikaupeleka Goma. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiteriti ya Kivu ya Kaskazini ilitoka huko. Wenye silaha wakatoza kodi njiani na shimoni, na katika kijiji cha Bisie kila kitu kiliuzwa kwa bei mara kadhaa kuliko mjini.

Sasa tazama jambo la ajabu. Ndege hazikurudi tupu. Zilileta chumvi, sabuni, mchele, bia na unga. Nchi ya msitu yenye udongo wa kulima na mito yenye samaki ikazoea kula chakula kilichoshuka kutoka hewani. Basi mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ilikaa mpaka tarehe 10 Machi 2011. Madini yaliposimama, ndege nazo zikaacha kuja, na chumvi na sabuni vikawa ghali. Mchimbaji hakuwa na mshahara, muuza chakula hakuwa na mteja, na mama wa kijijini ambaye hakuwahi kushika sepetu aliumia pamoja nao. Baadaye Bisie ikatolewa kwa kampuni, na mwaka 2019 mgodi wa mashine ukaanza kutoa bati. Mashine yahitaji mikono michache.

Hata benki

Huenda msomaji atasema: basi tuweke dola, na tuziweke benki. Kuna busara humo, na wengi hufanya hivyo. Lakini dola ya karatasi nayo ina matata yake. Kila mtu wa Kivu ajua kwamba ikichanika kidogo tu, muuzaji huirudisha. Na mwishoni mwa Januari 2025, kundi la M23 lilipoingia Goma, benki zilifunga milango. Watu wenye akiba halali, walioipata kwa jasho, walisimama nje wakitazama kufuli. Fedha yao haikufa kama zaire ya mwaka 1979. Ilikuwa hai, lakini haikufikiwa. Wengine wakategemea fedha ya simu, wakatozwa sana ili kuigeuza noti. Mwezi wa Machi vita vikafika hata Walikale mjini.

Mafundisho tunayoyaona

Tukiyapanga mambo haya yote mstari mmoja, butega, karatasi ya ardhi, Noeli ya 1979, ng'ombe wa 1993, koltani, Bisie na benki, twaona mambo matatu.

La kwanza: hakuna umbo la mali lisilo na adui wake. Noti adui yake ni Serikali ichapayo ovyo. Ng'ombe adui yake ni bunduki. Madini adui yake ni bei ya mbali. Benki adui yake ni mlango uliofungwa. Kwa hiyo aliyegawanya kidogo alichonacho, shamba lenye hati au mashahidi, wanyama wadogo, mbuzi mmoja kwa shemeji wa kijiji kingine, fedha kidogo, na mtoto shuleni, hupigwa upande mmoja na kusimama kwa mwingine.

La pili: anayeumia zaidi ni aliye mbali na habari, tena peke yake. Mtu mmoja wa msituni hawezi kuacha shamba lake kwenda mjini kuuliza bei au kufuata hati ya ardhi. Watu 20 wakichanga wanaweza kumtuma mmoja. Ndiyo maana twausifu umoja wa akiba. Desturi ya likelemba, kuchanga na kupokea kwa zamu, twaijua. Kuna na vikundi vya akiba na mikopo vya kijijini, ambavyo vilianzia Niger mwaka 1991 kati ya akina mama maskini, vikaenea Afrika nzima mpaka kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Lakini ulinzi wake mkubwa si kufuli. Ni kwamba fedha hailali sandukuni: imekopeshwa kwa wanachama, imegeuka mbegu, samaki wa kuuza, au dawa ya mtoto. Mwizi akilivunja atakuta kidogo, na noti ikifa usiku, iliyokufa ni chache.

La tatu ni gumu zaidi, nasi hatupendi kulificha. Akiba haiwezi kuchukua mahali pa haki. Twapenda kumsifu Yosefu aliyejaza ghala za Misri katika miaka 7 ya shibe. Lakini tusome mbele, mpaka sura ya 47 ya Kitabu cha Mwanzo. Watu wasio na ghala walileta fedha yao kununua nafaka. Fedha ikaisha, wakaleta mifugo. Mifugo ikaisha, wakatoa mashamba yao na miili yao kwa Farao. Njaa ilipokwisha, walikuwa hai wote, lakini nchi ilikuwa ya mtu mmoja. Masisi imeona jambo hilo bila njaa ya Misri. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1967 juu ya maendeleo ya mataifa, alifundisha kwamba haki ya kumiliki haimruhusu mtu kujilimbikizia yaliyozidi mahitaji yake huku wengine wakikosa ya lazima. Basi mwenye malisho makubwa anayempangisha jirani kipande cha kulima, na aandike mapatano kwa lugha anayoijua jirani huyo, mbele ya mashahidi, na asiyavunje mavuno yakipendeza. Mwenye kununua madini, na aseme bei ya kweli. Mwenye kusikia habari mapema, na aipeleke kijijini, asiifanye mtego wa kununulia noti za wajane.

Hatujui badiliko lijalo litakuwa la namna gani. Bei ya madini itapanda na kushuka, na noti zitageuka tena. Lakini swali litakuwa lile lile: siku hiyo, nani atakuwa wa mwisho kuambiwa? Kijiji ambacho jirani humwambia jirani kabla ya kukimbilia faida yake, na ambacho mjane ana hati ya shamba lake mkononi, hicho hakitaponyokwa na kila kitu kwa usiku mmoja.